Ritifaa ya Ng'etich: historia fupi ya utf8_encode

Wasomaji, leo naomba tukae kidogo na alama moja ndogo sana. Ni ile tunayoiweka baada ya ng tukiandika ng'ombe. Shuleni tulifundishwa kuiita ritifaa, tukaambiwa ni alama ya uakifishi kama nukta na koma. Lakini nukta ukiisahau, sentensi bado inasomeka. Ritifaa ukiisahau, neno lenyewe linageuka. Kung'oa ni kutoa kitu na mizizi yake. Ngoa ni tamaa au wivu. Kwa hiyo kazi yake ni ya herufi, ingawa sura yake ni ya uakifishi.

Huku kwetu Kimulot, kwenye vilima vya chai vya Konoin katika Kaunti ya Bomet, alama hii imo kwenye majina ya watu. Kiplang'at ni mvulana aliyezaliwa jioni, Cheplang'at ni dada yake. Kuna Ng'etich, Ng'eno na Chepng'eno. Ukishuka kuelekea ziwani utakutana na akina Ochieng' na Nyong'o. Sasa, kuna maneno nimeyasikia mara nyingi kutoka kwa watengenezaji programu wenzangu: kwamba Kiswahili na lugha zetu nyingi hazina tatizo la usimbaji wa herufi, kwa sababu herufi zetu zote ni a mpaka z. Wanasema shida hiyo waachiwe Wachina, Waarabu na Wafaransa. Mimi sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni historia ya fanksheni moja ya PHP iitwayo utf8_encode.

Kabla ya kompyuta

Sauti hii ya ng' ingeweza kupewa herufi yake. Mwaka 1926 ilianzishwa London Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Afrika, na mwaka 1927 ikatoa mwongozo wa kuandika lugha za Afrika. Humo ilipendekezwa herufi ŋ, yaani n yenye mkia. Waganda waliichukua katika tahajia yao ya mwaka 1947, na mpaka leo iko katika Kiganda sanifu. Kiswahili sanifu kilienda njia nyingine. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi, Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930, na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ikachapishwa na ng' yenye ritifaa. Lugha nyingi za Kenya zinaandika hivyo hivyo.

Ritifaa ilikuwa na faida moja kubwa: kila taipureta ilikuwa nayo. Hukuhitaji kuagiza mashine maalum kutoka Ulaya. Karani wa kiwanda cha chai, mwalimu wa shule ya msingi na katekista wa kanisa wote waliweza kuandika jina la Ng'etich sawasawa. Kitufe kilikuwa kimoja tu na alama ilikuwa moja tu, iliyonyooka kama msumari.

Namba 39 na namba 146

Kompyuta haijui herufi, inajua namba. Usimbaji wa herufi ni mapatano tu: namba gani isimame mahali pa herufi gani. Mapatano ya ASCII yalitolewa Marekani mwaka 1963, na humo ritifaa ya taipureta ilipewa namba 39. ASCII ina namba 128 tu, kuanzia 0 hadi 127. Kiswahili chote kinaenea humo. Hapa ndipo wenzangu wanaposimama na kusema "mnaona?"

Lakini baiti moja inabeba namba 256, kwa hiyo zilibaki 128 nyingine. Mwaka 1987 shirika la viwango la ISO likatoa ISO 8859-1, maarufu kama Latin-1, iliyotengenezwa kwa ajili ya lugha za Ulaya Magharibi. Kuanzia 160 hadi 255 wakaweka herufi kama é, ñ na ö. Nafasi za 128 hadi 159 ziliachiwa herufi za amri, zile zisizoonekana, za kuelekeza mashine.

Microsoft hawakuziacha nafasi hizo zikae bure. Katika mpangilio wao wa Windows-1252 walizijaza alama za kuchapia vitabu: vistari virefu, nukta tatu na alama za nukuu zilizopinda. Na kati ya zote, za kwanza kuingia, tangu Windows 2.0 ya mwaka 1987, zilikuwa namba 145 na 146. Namba 146 ni ritifaa iliyopinda, hii hapa: ’

Baadaye ikaja Microsoft Word yenye tabia ya kupinda alama yenyewe bila kuulizwa. Unabonyeza kitufe cha ritifaa iliyonyooka, Word inaweka iliyopinda. Inapendeza machoni. Ila kuanzia hapo jina moja likawa na maandishi mawili ndani ya kompyuta:

Ng'etich yenye namba 39
Ng’etich yenye namba 146

Kwa jicho la binadamu ni mtu yule yule. Kwa kompyuta ni watu wawili.

Fanksheni inaingia

Mwaka 1991 lilitoka toleo la kwanza la Unicode, mapatano ya kuzipa herufi za dunia nzima namba zake. Mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike wakabuni UTF-8, njia ya kuziandika namba hizo kwa baiti bila kuisumbua ASCII. Namba 0 hadi 127 zinabaki baiti moja kama zamani. Nyingine zote zinachukua baiti mbili au zaidi. Katika Unicode ritifaa iliyopinda ni U+2019, na UTF-8 inaiandika kwa baiti tatu, E2 80 99.

Mwaka 1998 ikaja XML, na programu za kusoma XML zilipenda UTF-8. PHP ilikuwa ndiyo lugha ya sisi tuliojifunza wavuti bila mwalimu, na tangu siku za PHP 3 ilikuwa na fanksheni mbili ndogo kwenye sehemu yake ya XML. Moja utf8_encode, nyingine utf8_decode. Ukisoma majina hayo unaelewa nini? Kwamba ya kwanza inageuza maandishi yako yawe UTF-8. Maandishi gani? Yoyote.

Sivyo ilivyokuwa. Ya kwanza ilijua kutoka Latin-1 kwenda UTF-8 tu, basi. Haikuuliza maandishi yametoka wapi, na haikuwa na mahali pa kuambiwa. Ilichukua kila baiti. Ikiwa chini ya 128 iliiacha, ikiwa 128 au zaidi iliigeuza kuwa baiti mbili kwa hesabu. Kwa é ya Kifaransa hesabu hiyo ni sahihi kabisa. Kwa namba 146, ambayo kwa heksadesimali ni 92, matokeo yake ni C2 92. Hiyo ni U+0092, herufi ya amri iliyotengwa kwa matumizi binafsi ya mashine, isiyo na sura yoyote.

Kwa maneno mengine, fanksheni ilichukua Ng’etich ikatoa Ngetich, na katikati ya g na e ikaacha kitu kisichoonekana.

Orodha ya wakulima

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kuhamisha daftari la wanachama wa chama kimoja cha akiba na mikopo cha wakulima wa chai. Sitalitaja jina, na aliyeujenga mfumo wa kwanza simjui. Majina yalikuwa yamechapwa kwenye Word, yakanakiliwa kwenye fomu ya wavuti, yakapitishwa utf8_encode, yakaingia kwenye hifadhidata. Malalamiko yalikuwa yameanza kabla yangu. Wakati wa kulipwa bonasi, mzee anafika dirishani, karani anaandika jina lake, kompyuta inajibu hakuna.

"Mzee, jina lako halipo kwa kompyuta."

"Halipo? Na majani yangu yalipopimwa yalikuwa ya nani?"

Karani hakuwa mjinga. Akipitia orodha kwa macho alimwona Ngetich pale, bila ritifaa. Basi akaandika Ngetich bila ritifaa, akatafuta, hakuna. Akaandika Ng'etich, hakuna. Jina analiona kwenye skrini na kompyuta inakana kulijua. Kwa hiyo akafanya ambalo karani yeyote angefanya: akamsajili mzee upya. Sasa mzee yuko mara mbili, akiba yake iko kwenye jina moja na mkopo wake uko kwenye jingine. Anapoomba mkopo mwingine anaambiwa hana akiba ya kutosha.

Nilipoiuliza PHP urefu wa jina, ndipo siri ilipotoka. Ng'etich ya kawaida ina baiti 8. Ile Ngetich ya kwenye orodha, ambayo kwa macho ina herufi 7, ilikuwa na baiti 9. Nikaitoa kwa heksadesimali:

4E 67 C2 92 65 74 69 63 68

Na kuna majina yaliyokuwa mabaya zaidi. Mengine yaliingia yakiwa UTF-8 tayari, kisha yakapitishwa tena kwenye utf8_encode. Hapo E2 80 99 inageuka kuwa C3 A2 C2 80 C2 99, baiti 3 zinakuwa 6, na kwenye skrini unaona Ngâetich. Ukirudia zinakuwa 12, ukirudia tena 24. Kila mtu aliyekuja kurekebisha mfumo kwa kuongeza utf8_encode nyingine "ili iwe UTF-8 kweli kweli" aliongeza takataka. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba wetu ulikuwa wa baiti moja.

Bahati nzuri ni kwamba utf8_encode haipotezi kitu. Hesabu yake inarudishika nyuma, baiti kwa baiti, ukijua ilipitishwa mara ngapi. Wanachama walirudishiwa majina yao, na wale waliogawanyika wakaunganishwa baada ya kulinganisha namba za kitambulisho. Ilichukua wiki kadhaa.

Jina moja, maana tatu

Utauliza, mbona hakuna aliyeona mapema? Jibu lake ndilo lililonifanya niandike haya yote.

Neno "Latin-1" halikuwa na maana moja. Kwa PHP, Latin-1 ilikuwa ile ya ISO, neno kwa neno, ambamo 146 ni herufi ya amri. Kwa vivinjari vya wavuti, Latin-1 ilikuwa Windows-1252, kwa sababu kurasa nyingi zilikuwa zimeandikwa kwenye Windows na kujitangaza kuwa Latin-1. Vivinjari vikaamua kuonyesha ritifaa iliyopinda badala ya kumwadhibu msomaji. Siku hizi hata viwango vya wavuti vinaagiza hivyo rasmi. Na kwa MySQL, hifadhidata iliyokuwa ndugu wa damu wa PHP, seti iliyoitwa latin1 ilikuwa pia Windows-1252. Ndiyo iliyokuwa chaguo lake la kawaida mpaka MySQL 8.0 ilipotoka mwaka 2018.

Kwa hiyo mtengenezaji programu akiangalia ukurasa wake wa zamani, ritifaa ipo. Akiangalia hifadhidata, ritifaa ipo. Mahali pekee ilipokufa ni ndani ya fanksheni, na ilikufa bila kelele: hakuna ujumbe wa hitilafu, hakuna alama ya kuuliza. Na fanksheni nayo ilikuwa na utetezi wake, kwa sababu mwongozo wa PHP ulisema wazi kwamba inageuza ISO-8859-1. Mahakamani ingeshinda kesi.

Mimi bado naiita hitilafu. Jina la fanksheni ni ahadi, na watu wengi husoma ahadi kabla ya kusoma mkataba. Ingeitwa latin1_to_utf8, fundi angejiuliza kama maandishi yake ni Latin-1. Iliitwa utf8_encode, na mafundi wakaitumia kama dawa ya kila homa.

Na yule ndugu yake

Fanksheni ya pili, utf8_decode, ilikuwa katili zaidi. Ilirudisha UTF-8 kuwa Latin-1, na herufi yoyote isiyokuwamo kwenye Latin-1 iliibadilisha kuwa alama ya kuuliza. Ritifaa iliyopinda haimo. Wala hazimo ĩ na ũ za Kikuyu na Kikamba. Latin-1 ina ã, ñ na õ kwa ajili ya Wareno na Wahispania, lakini wimbi hilo hilo juu ya i na u halikuwahusu, kwa hiyo halikuwekwa. Chukua jina la mwandishi wetu aliyetutoka mwaka 2025, ambaye jina lake lina yote matatu: Ngũgĩ wa Thiong’o. Lipitishe kwenye utf8_decode na utapata:

Ng?g? wa Thiong?o

Hapa hakuna hesabu ya kurudi nyuma. Alama ya kuuliza ni alama ya kuuliza, haikumbuki ilikuwa nani. Kuna mtu aliyepigania kuandika kwa lugha ya mama, na fanksheni ya mstari mmoja inamfanya fumbo.

Wala tusidhani ritifaa iliyonyooka ilisalimika. Namba 39 ndiyo alama ambayo lugha ya SQL inatumia kufungua na kufunga maneno, kwa hiyo Ng'etich angeweza kuvunja swali zima la hifadhidata. PHP ikaleta "magic quotes", iliyopachika mkwaju mbele ya kila ritifaa inayoingia, na watu wakaanza kuitwa Ng\'etich kwenye barua zao. Ilitangazwa kuwa ya kuachwa katika PHP 5.3 mwaka 2009, ikaondolewa katika 5.4 mwaka 2012. Iliyonyooka iliogopwa kama mwizi, iliyopinda ilipotezwa kimya kimya. Ndiyo maana sishangai nikikuta ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja Ng'etich na mwingine Ngetich.

Mwisho wake

PHP ilijaribu kulitatua jambo hili kutoka kwenye mzizi. PHP 6 ilikusudiwa iwe na Unicode ndani yake kabisa, kazi ikaanza mwaka 2005, na mwaka 2010 ikaachwa. Fanksheni zetu mbili ziliendelea kuishi. Mwaka 2017, katika PHP 7.2, zilitolewa kwenye sehemu ya XML zikawekwa kwenye kiini cha lugha, kila mtu awe nazo. Hatimaye, PHP 8.2 ya Desemba 2022 ikatangaza kwamba hazifai tena kutumika, na imeamuliwa ziondolewe katika toleo la 9. Sababu kubwa iliyotolewa ni hiyo hiyo: majina yake yanadanganya, na matumizi mengi yaliyoonekana kwenye programu za watu yalikuwa na kasoro.

Kama una programu ya zamani yenye utf8_encode, usiibadilishe kwa kutafuta na kubandika tu. Kwanza jiulize maandishi yametoka wapi. Kama yametoka Word au Windows, sema hivyo waziwazi:

mb_convert_encoding($jina, 'UTF-8', 'Windows-1252')

Kama ni UTF-8 tayari, usiyaguse. Na kwenye kutafuta majina, geuza ritifaa zote ziwe moja kabla ya kulinganisha, 39 na U+2019 na hata U+02BC, ambayo Unicode iliitenga kwa ritifaa inayofanya kazi ya herufi kama hii yetu. Ni vigumu kuikuta kwenye kibodi, lakini siku moja itakuja kwenye data yako. Hifadhi jina kama mwenyewe alivyoliandika, na lile lililosawazishwa liweke pembeni kwa ajili ya kutafutia.

Halafu lijaribu kwa majina ya kwetu. Wengi wetu hujaribu fomu kwa John Smith, na John Smith hajawahi kumwangusha mtu. Weka Chepng'eno, weka Ochieng' ambaye ritifaa yake iko mwishoni, weka Mũthoni. Zikipita hizo tatu, unaweza kwenda kulala.